Inawaka, Inazima

Gari liliwaka kwa mara nyingine, likatikisika kama mtu aliyeamshwa kwa kelele, kisha likazima. Shadia alibaki ameshika ufunguo, viganja vimelowa jasho, akilitazama geti la nyumba yao mtaani Buzebazeba, karibu na ziwa. Geti lilikuwa wazi. Baba yake, Mzee Dunia, alikuwa amepitia hapo wakati yeye yuko chumbani akiswali adhuhuri, na majirani wote aliowauliza walisema hawakumwona.

Mzee Dunia alikuwa fundi wa injini za maboti tangu ujana wake. Kila aliyevua au kusafiri katika ziwa hili alimjua, au alimjua mtu aliyemjua. Lakini kwa miaka miwili sasa akili yake ilikuwa ikienda na kurudi, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Yalianza kumtoka majina ya wajukuu. Kisha akasahau kwamba mkewe amekufa, ikawa kila akikumbushwa analia upya, mpaka wakaacha kumkumbusha. Mwezi uliopita walimkuta soko la Mwanga akiulizia nyumba iliyobomolewa kabla Shadia hajazaliwa. Tangu siku hiyo walikubaliana asiachwe peke yake hata kidogo. Na leo aliyekuwa naye ni Shadia.

Mdogo wake, Mrisho, alikuwa tayari ameshadandia bodaboda kwenda Kibirizi, kwenye mwalo wa maboti, kwa kuwa huko ndiko Mzee alikofanyia kazi miaka yake ya mwisho. Shadia alitaka kupita na gari uchochoro kwa uchochoro mpaka Ujiji. Bajaji zilikuwepo, lakini dereva ungemwambia akupeleke wapi? Na hata Mzee akipatikana, nyonga yake haikuruhusu kupanda pikipiki.

Akapiga stata tena. Ikawaka. Ikazima.

"Yarabi, leo?" alisema kwa sauti, akampigia simu fundi Gasper, ambaye gereji yake ilikuwa mtaa wa pili.

Gasper alifika kwa miguu, sanduku la vifaa begani, akiruka madimbwi ya mvua ya asubuhi.

"Dada Shadia, imekuwaje?"

"Inawaka, inazima. Jana usiku niliiegesha nzima kabisa. Fundi, Baba kapotea. Nakuomba, fanya upesi."

Gasper alimtazama, kisha akafungua boneti. "Upesi nitafanya, ila tusibahatishe. Tukianza kubahatisha, magharibi itatukuta hapa hapa."

Alitega sikio upande wa tangi huku Shadia akifungua swichi, akasikia pampu ya mafuta ikivuma. Akachomoa mpira wa mafuta, akakinga kwenye chupa, akainyanyua juani. Petroli ilikuwa safi, bila tone la maji. Akafungua plagi moja, akaigusisha kwenye chuma, akamwambia apige stata. Cheche ikaruka, ya buluu. Akarudisha kila kitu mahali pake, taratibu, na kwa Shadia kila nati aliyoikaza ilikuwa kama inakazwa kifuani mwake.

Simu ikaita. Alikuwa Mrisho.

"Kibirizi hayupo, dada. Nimewauliza wapakizi, nimewauliza akina mama wa dagaa. Hayupo."

"Na kule majini?"

"Hawajamwona mtu. Naenda kutazama tena."

Shadia alikata simu. Ziwa lilikuwa limepanda miaka hii. Lilikuwa limemeza vibanda, miti, na njia nzima za ufukweni. Mahali ambapo Mzee Dunia alipajua kuwa nchi kavu, sasa maji yalimfika mtu kiunoni. Na Mzee angeweza kuingia tu, kwa sababu kichwani mwake bado palikuwa na njia.

"Fundi!"

"Nakusikia, dada." Gasper alikuwa ametoa filta ya hewa, anaikung'uta. Ilikuwa safi. Akasimama, akajifuta mikono kwenye ovaroli, akawa anasema kama mtu anayejihojia mwenyewe. "Moto upo. Mafuta yapo. Hewa inaingia. Inawaka vizuri, halafu inakabwa. Inakabwa na nini?" Akazunguka nyuma ya gari. "Hebu piga tena."

Shadia akapiga. Injini ikaitika, na Gasper akachuchumaa na kuweka kiganja mbele ya bomba la moshi. Injini ikazima. Gasper akamwonyesha ishara apige mara nyingine, akaweka kiganja tena, akakiacha pale hata baada ya kimya kurudi.

"Dada, gari yako haitoi pumzi."

"Maana yake nini?"

"Kinachoingia lazima kitoke. Hapa hakitoki. Kuna kitu humu."

Alifuta tope mdomoni mwa bomba, akamulika kwa tochi ya simu. Ndani kidogo, mahali ambapo mtu aliyesimama asingeweza kuona, palikuwa na kitu kimekaa sawasawa. Akapenyeza skrubu ndefu ndani yake, akaishika kwa koleo, akavuta huku ameweka mguu kwenye bampa. Kikagoma. Akavuta tena, akizungusha, mpaka kikachomoka ghafla na yeye akakaa chini topeni.

Kilikuwa kipande cha mti kilichochongwa mviringo, kikavikwa kitambaa kilicholowa grisi, kikafungwa kwa uzi wa nyavu, fundo juu ya fundo.

"Watoto wa mtaani hawa," Shadia alisema kwa hasira.

Gasper alikigeuzageuza. "Sidhani. Mtoto angeingiza tope au gunzi la hindi. Hiki kimepimwa kikapimika. Aliyekiweka alikuwa anaitunza injini, siyo kuiharibu."

Shadia akakichukua. Akalitazama lile fundo, akalijua. Alikuwa akimshikia baba yake uzi huo alipokuwa binti mdogo, kidole chake kimebana katikati mpaka Mzee aseme, "Achia."

"Ni Baba," alisema. "Injini za maboti alikuwa akiziziba hivi. Mchanga na maji visiingie."

"Kila siku?"

"Hapana. Anaposafiri. Anapoziacha kwa muda mrefu."

"Alikuwa anasafiri kwenda wapi?"

Shadia alifungua mdomo ajibu, na jibu likamtisha kabla halijatoka. Kila mwaka Mzee Dunia alikuwa akiziba injini zake, anavuka ziwa kwenda Kalemie, ng'ambo ya pili, kumwona mama yake. Na siku zote alipandia boti mwalo wa Katonga.

"Kafunga kazi," alisema. "Anavuka. Yuko Katonga!"

Alirukia kitini. Gari liliwaka, likatema wingu jeusi, likakohoa mara mbili, kisha mngurumo ukatulia. Gasper alikuwa ameshafungua mlango wa upande wa pili.

"Twende wote. Ikikuzimikia njiani utamwita nani?"

Njiani Shadia hakuondoa mguu kwenye mafuta ila pale palipomlazimu. Kila aliposimama kupisha pikipiki au mbuzi, aliisikiliza injini kama anavyosikilizwa mgonjwa anayehema. Mara mbili alidhani inazima. Haikuzima. Gasper alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, naye akisikiliza.

Katonga ilikuwa imejaa watu. Akina mama walikuwa wanaanua dagaa kwa kuogopa wingu, na wapakizi walikuwa wanatoka majini mikono mitupu. Kazi yao ilikuwa imekwisha. Boti la vijiji vya kusini, lililojaa viroba vya unga, magodoro na kreti za soda, lilikuwa limeshaachia ufukwe. Vijana wawili walikuwa wanalisukuma kwa miti.

"Mmemwona mzee mmoja, anachechemea, ana kofia?" Shadia aliuliza kila uso.

Mama mmoja mwenye beseni alinyoosha kidevu kuelekea botini. "Si yule?"

Mzee Dunia alikuwa ameketi juu ya kiroba cha unga, mgongo wima, viatu vyake mapajani.

Shadia hakuvua chochote. Aliingia majini na gauni lake na ushungi wake, maji yakampanda magotini, mapajani, kiunoni. "Nahodha! Simamisha! Nahodha!"

Nahodha, mtu mnene aliyeitwa Feliksi, aliinua mkono, na miti ikasimama. "Kuna nini, mama? Mzee kasema anashukia mwisho wa safari."

"Mwisho wa safari yenu ni Kalya. Yeye anadhani anakwenda Kalemie!"

Abiria walicheka. Walipoona uso wake wakaacha.

Shadia aliufikia ubavu wa boti, akaukamata kwa mikono miwili. "Shikamoo, Baba."

"Marahaba." Mzee alimtazama kwa upole, kama anavyotazamwa mtoto wa jirani. "Weye ni wa nani, mwanangu?"

"Mimi ni Shadia. Wa kwako."

"Shadia ni mdogo. Nimemwacha nyumbani."

"Baba, tushuke. Leo ziwa limechafuka. Tutakwenda kesho."

Mzee Dunia aligeuza kichwa, akayatazama maji mpaka mbali, kwa macho ya mtu ajuaye. "Ziwa limetulia," alisema. "Unamdanganya nani? Mama yangu ananingoja."

Hapo Shadia alijua uongo hautafaa. Na ukweli wa kifo, ule walioacha kumkumbusha kwa huruma, ulikuwa ndio kitu pekee kilichobaki mkononi.

"Baba, Bibi alishatangulia. Miaka mingi. Ulikwenda mwenyewe. Wewe ndiye uliyeingia kaburini kumlaza."

Kidevu cha Mzee kikaanza kutetemeka, na Shadia akajilaumu kwa kusema, akajiandaa kwa kilio.

"Nilimlaza mimi?"

"Wewe na Baba Mdogo."

"Hakulazwa na watu wengine?"

"Hapana, Baba. Ni wewe."

Mzee alipumua kwa nguvu, akafuta macho kwa mgongo wa mkono. "Basi vizuri," alisema. "Basi vizuri." Akanyoosha mikono ashushwe.

Gasper alikuwa ameshafika, maji kiunoni. Alimbeba mgongoni mpaka nchi kavu. Feliksi alimpiga Mzee picha kwa simu yake, akaahidi kuwaonyesha manahodha wenzake, wa Katonga na wa Kibirizi, ili boti lolote lisimpokee peke yake. Shadia alimpigia Mrisho. Mrisho alisikika akilia tu.

Walirudi taratibu. Mzee Dunia alikaa mbele akasinzia kabla hawajatoka Katonga, midomo wazi, mchanga miguuni. Kila mlango ulikuwa umefungwa kwa loki, na Gasper alikuwa nyuma, macho wazi. Hata hivyo Shadia aliendesha njia nzima kwa mkono mmoja. Wa pili ulikuwa umeshika upindo wa shati la baba yake, na hakuuachia ila alipobadilisha gia. Aliibadilisha upesi, akaurudia upindo.