Yadi za Mzee Gharib

Siku tuliyomzika baba, miguu yake ilibaki nje. Sanda iliishia juu kidogo ya vifundo, na walipoivuta chini kichwa kikafunuka. Mama akafungua kanga aliyojifunga kiunoni, akaifunika miguu ile mbele ya ukoo mzima, akabaki amesimama na gauni lake lililochanika. Nilikuwa mdogo, lakini nyayo zile zilizopasukapasuka kwa kulima pamba sijazisahau hadi leo.

Wazee walikuwa wametaka baba azikwe ndani ya ngozi ya ng'ombe, kama walivyozikwa wakubwa wake. Mama ndiye aliyeng'ang'ania kitambaa cheupe, akaenda mwenyewe Bariadi kununua bafta. Kwa hiyo ilipopungua, Mihayo, kaka yake baba, hakutafuta mchawi mbali. Alisema mama amekata kipande njiani ajishonee blauzi. Alilisema makaburini, akalirudia kwenye pombe, akalirudia kwenye arusi za watu, mpaka likageuka jina. Mama akaitwa Mama Blauzi, na watoto wakamwimbia kisimani. Hakumjibu mtu. Alikonda tu.

Nilipokuwa darasa la sita nilipata kibarua cha likizo katika duka lile lile mama aliponunua sanda, la Mzee Gharib, ili nipate sare ya shule. Alikuwa mtu wa kofia safi na maneno matamu. Alinifundisha kukunja kanga pindo kwa pindo, kumtambua mnunuzi na mzururaji kwa namna anavyoshika nguo, na kufunga furushi kwa fundo linalofunguka ukilivuta mara moja. Alinifundisha pia kusema "hamna" wakati kitu kipo chini ya meza.

"Usimtazame mtu machoni," aliniambia. "Mtazame kwenye paji la uso. Ukimtazama machoni, utampa."

Siku moja alimpimia bafta mama mmoja aliyefiwa, aliyekuja kutoka Bukundi. Mkono wake wa kulia ulikivuta kitambaa juu ya ubao wa yadi mpaka kikakaza kama ngozi ya ngoma. Kidole gumba cha kushoto, kilichotakiwa kushikilia mwisho wa yadi, kilirudi nyuma polepole, na kila yadi mpya ikaanzia ndani ya ile iliyopita. Yule mama alikuwa akimtazama usoni, maana Mzee Gharib alikuwa akimpa pole kwa sauti ya upole kweli kweli. Mimi nilitazama kidole. Nikaiona miguu ya baba.

Niliporudi nyumbani nikamweleza baba mkubwa Mihayo. Akacheka hadi akakohoa. "Mtoto wa Mama Blauzi atasema nini kingine?"

Basi nikanyamaza. Chuki yangu nikaitunza kama watu wanavyotunza mbegu ya msimu ujao, nikiitazama mara kwa mara isije ikaliwa na wadudu. Kitu kimoja tu kilinisumbua. Bi Rehana, mkewe Mzee Gharib, kila adhuhuri alikuwa akinitolea sahani ya wali uani. "Kula kwanza, mwanangu," alizoea kusema, "nguo hazikimbii."

Miaka ikapita. Tukahamishiwa kijiji cha ujamaa, maduka ya watu binafsi yakafungwa, na la Mzee Gharib likafungwa pamoja nayo. Kijiji kilipofungua duka lake, nikawekwa nyuma ya meza kwa kuwa kazi naijua. Bidhaa zilikuwa za shida. Lakini mwaka ule pamba yetu ilisifiwa, tukaletewa sabuni na jora moja la bafta, na habari zikafika mjini kabla hatujamaliza kushusha mzigo.

Asubuhi yake foleni ilizunguka ghala, na baba mkubwa Mihayo alikuwa karibu na mbele akingoja sabuni. Mzee Gharib akatokea akisukuma baiskeli. Watu walipouona uso wake wakampisha.

"Mwangaluka, mwanangu," akanisalimu.

"Mwangaluka, mzee."

"Bi Rehana ametutoka alfajiri. Mjini kote hakuna sanda. Nisaidie."

Siku hii nilikuwa nimeingoja tangu utoto, wala sikuwahi kufikiri kwamba ingekuja na jina la yule mama wa wali. Lakini sikuiacha ipite. Nikaliweka jora mezani, nikaweka ubao wa yadi kando yake, nikamsogezea vyote viwili.

"Pole sana, mzee. Pima mwenyewe. Wewe ndiye uliyenifundisha."

Akaanza. Machozi yalimdondoka ndevuni, na sidhani kama alikuwa anaona anachokifanya. Mkono wa kulia ukavuta. Kidole gumba kikarudi nyuma. Akasogeza kitambaa, akavuta tena, kidole kikarudi tena. Alikuwa akimpunja mkewe mwenyewe.

"Baba mkubwa," nikaita, "hebu sogea. Tazama kidole gumba cha kushoto."

Mihayo akaja, akainama juu ya meza. Waliokuwa nyuma yake wakainama naye. Mzee Gharib akashtuka, akaitazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine, akakiachia kitambaa. Kikarudi, kikawa kifupi mbele ya macho ya watu.

"Ndivyo ulivyompimia mama yangu sanda ya baba yangu, Maganga," nikasema. "Sema, watu wasikie."

Akajibu, "Ndivyo nilivyompimia kila mtu."

Baba mkubwa Mihayo alivua kofia, akaivaa, akaivua tena. Kisha akatoka kwenye foleni bila sabuni yake, akashika njia ya kwa mama, akitembea kama mtu aliyebebeshwa gunia. Nilitamani nimtangulie mbio nikauone uso wa mama akirudishiwa jina lake.

"Nipimie wewe, mwanangu," Mzee Gharib akanong'ona. "Mikono yangu haijui njia nyingine."

Nikaishika bafta, nikahisi kidole gumba changu nacho kinarudi nyuma, bila kuniuliza. Nikaogopa. Nikaitoa mikono yangu, nikakitandaza kitambaa mezani, nikakiacha kilale kinavyotaka, ndipo nikaulaza ubao juu yake. Nilikata kipimo kamili cha Bi Rehana, nikaongeza kipande kwa ajili ya wali wake. Nikafunga furushi kwa lile fundo.

Alilipokea kwa mikono miwili, lakini hakuondoka. "Nisamehe, Nyanjige."

Nilijua nikimtazama machoni nitampa. Nikamtazama kwenye paji la uso.

"Hamna, mzee," nikamwambia, nikamwita aliyekuwa nyuma yake.