Maji ya Bwana Shamba

Ritha ndiye aliyetaka ukuta. Alikuwa Mwanza na kazi yake, na kila akipiga simu alimkumbusha mama yake kwamba Utemini ya leo si ile ya zamani, kwamba watu wote wanaojiheshimu wamejenga kwa tofali, na kwamba ua wa minyaa ni mambo ya kijijini. Cecilia alibisha mwaka mzima. Mwezi wa sita, ulipoanza ule upepo wa Singida wa kupasua midomo, akachoka kubisha na kumwita fundi Mazengo aje na panga lake.

Siku ya kwanza Mazengo alikata upande wote wa barabarani. Mchana akaruka nyuma kama aliyekanyaga kaa la moto, akaita, "Mama Ritha! Njoo uone ulikuwa unafuga nini huku!"

Kwenye tawi lililoanguka, utomvu mweupe bado ukichuruzika, alikuwepo kinyonga wa kijani, mrefu kama kiganja. Alikuwa ameinua mguu mmoja na bado hajaamua auweke wapi. Jicho moja lilimtazama fundi, la pili likamtazama mwenye nyumba.

"Una ugoro ndani?" Mazengo aliuliza. "Kidogo tu, wa kunusa. Ukimtia mdomoni hafikishi dakika tano. Kwetu ndivyo tunavyowamaliza, maana hawa ni mikosi mitupu."

"Ukimgusa huyo," Cecilia alisema, "chukua mwiko wako uende."

Mazengo alicheka. Alipoona mama hacheki, akajifanya anatafuta kamba yake ya kupimia.

Kwao Cecilia pia, Ihanja, ndivyo walivyowamaliza. Alikuwa na miaka minane wakati kaka yake Paskali, mwenye kumi na miwili, alipomwokota kinyonga shambani na kumficha kwenye minyaa nyuma ya zizi. Walimwita Bwana Shamba, kwa sababu bwana shamba wa kata yao alikuwa hivyo hivyo: anafika taratibu, anazungusha macho kwenye mtama wa watu, na jembe hashiki. Walicheka jina hilo mpaka wakaumwa mbavu. Paskali alikuwa mlishaji na Cecilia alikuwa mlinzi. Kila jioni kaka aliingia nyuma ya zizi na kibuyu cha maji, dada akabaki pembeni kuangalia njia ya kutoka nyumbani, asije mtu mzima akawakuta. Ulikuwa wakati mtamu kuliko wote katika utoto wake, na ulidumu miezi miwili kasoro.

Mwaka ule mama yao alikuwa mjamzito. Bibi, mama wa baba, alisema jioni moja huku akipepeta ulezi kwamba mjamzito akikutana na kinyonga, mtoto atazaliwa bubu. Hakumsema mtu yeyote, alikuwa anazungumza tu. Lakini mama alipenda kupita nyuma ya zizi kuokota kuni, na Cecilia hakulala usiku ule. Asubuhi akamwendea bibi na kumwambia kila kitu, mpaka tawi lenyewe.

Jioni, waliporudi kutoka kuchota maji, Bwana Shamba alikuwa chini, mweusi kama mkaa, mdomo umejaa ugoro. Paskali alichapwa na baba. Kaka hakuuliza nani aliyesema, wala Cecilia hakujitaja. Noel akazaliwa mwezi wa kumi na mbili, na bubu hakuwa; leo ni dalali wa mnada wa ng'ombe na hakuna aliyewahi kumnyamazisha. Kaka na dada walikua, wakaoa na kuolewa, wakazikana na kupongezana kama ndugu wengine. Ila habari ya Bwana Shamba haikutajwa tena hata siku moja, na kila Cecilia alipomwona kaka yake, hata kanisani siku ya sikukuu, lilimchoma lile neno ambalo hakulisema.

Kwa hiyo huyu wa pili hakuwa mnyama tu. Cecilia aliapa, na hakuficha moyoni mwake kwa nini anaapa, kwamba huyu hafi mikononi mwake.

Alichukua tenga la kuku, akalivisha kipande cha chandarua, akasimamisha ndani tawi la mpera lenye majani. Maganda ya papai yaliyooza yakaita nzi. Panzi akawakamata mwenyewe, mwanamke wa miaka hamsini na saba, mstaafu wa serikali, akiinama kwenye nyasi kavu na kitenge kimefungwa kiunoni. Mazengo alimtazama kutoka kwenye mtaro wa msingi na kusikitika kwa sauti. Siku mbili za kwanza kinyonga alikula vizuri. Ulimi ulitoka, panzi akapotea, na Cecilia akapiga makofi peke yake.

Siku ya tatu hakula. Siku ya nne macho yake yalikuwa yamedidimia, na ile ngozi ya kijani ikawa ya kahawia iliyochakaa, asubuhi mpaka jioni. Kisahani cha maji kilikuwa pale pale alipokiweka, kimejaa. Cecilia alikisogeza karibu. Akabadilisha maji. Akamchovya kinyonga pua ndani yake, naye akafumba macho kama mtoto anayelazimishwa uji. Maji yapo, mnyama anakufa kwa kiu, na yeye hajui kosa liko wapi! Alikasirika mpaka akamgombeza: "Sasa wewe unataka nikufanyie nini?"

Mtu mmoja tu ndiye aliyewahi kumnywesha kinyonga, na huyo aliishi Ihanja.

Aliishika simu muda mrefu kabla ya kupiga.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba Sesi. Kuna msiba?"

"Hakuna msiba." Akalitazama tenga. "Kaka, nina kinyonga hapa. Hataki maji. Wewe yule wetu ulikuwa unampaje?"

Upande wa pili jogoo aliwika kwa mbali.

"Umemwekea kwenye chombo?" Paskali aliuliza.

"Kisahani."

"Hataona hayo. Maji yakitulia, kwake si maji. Usimguse tena. Nakuja na basi la asubuhi."

Alifika saa nne, koti lake la suti lina vumbi begani, na kibuyu kidogo ameking'ang'ania kama kuku wa mahari. Mzee wa miaka sitini na mmoja, amekonda, mguu wa kushoto unamsumbua. Hakutaka chai kwanza. Alimtazama mnyama kwenye tenga, akatoa sauti kooni, akaomba wampeleke nje kwenye minyaa.

Minyaa iliyobaki ilikuwa ya upande wa mashariki tu, Mazengo alikuwa hajaifikia. Paskali alimweka kinyonga kwenye tawi la katikati, polepole, mguu baada ya mguu. Kisha akatoa mwiba mrefu mfukoni, mwiba wa kweli aliokuja nao kutoka kwao, akatoboa kitako cha kibuyu, akakijaza maji, akakining'iniza juu kwa kamba. Tone likajikusanya. Likaanguka kwenye tawi, likateleza, likafuata jingine.

"Niliona akilamba umande," alisema. "Ndipo nikapata akili hii. Wewe hukuwahi kuona, ulikuwa kule unalinda."

Na kweli, bila kujua, Cecilia alikuwa amesimama hatua sita kutoka kwake, kwenye kona, amempa mgongo na kuangalia mlango wa nyumba yake mwenyewe. Miaka arobaini na tisa ilikuwa imepita na miguu ilikuwa haijasahau zamu yake. Hapo uvumilivu wake ukaisha.

"Kaka, ni mimi niliyemwambia bibi."

Alisema akiangalia mlango, hakuthubutu kugeuka. "Niliogopa kwa ajili ya mama. Nikamwambia mpaka tawi. Ukachapwa wewe, na mimi nikanyamaza, na nimenyamaza mpaka leo. Nisamehe."

Alimsikia Paskali akiketi juu ya rundo la tofali za Mazengo.

"Bibi mikono yake ilikuwa inatetemeka," alisema. "Unakumbuka? Hata uzi kwenye sindano tulikuwa tunamtungia sisi."

"Nakumbuka."

"Sasa unadhani nani alimfungua Bwana Shamba mdomo?"

Cecilia akageuka.

Kaka yake alikuwa anaangalia mikono yake mwenyewe, imelala magotini. "Aliniita asubuhi ile, wewe ukiwa umetumwa kwa shangazi. Akaniambia, mshike, kama unampenda mama yako. Nikamshika. Nikampanua kwa kijiti. Alinishika kidole kwa mguu wake, Sesi, kama alivyozoea, hakujua ninamfanya nini." Akajifuta uso kwa kiganja. "Nilikuachia ulie, ukidhani nami nimemkuta vile vile. Fimbo za baba hata hazikuniuma. Kila nikikuona kanisani nasema leo nitamwambia, halafu naona una furaha, naacha."

Miaka yote hiyo Cecilia alimwona kaka yake kuwa ndiye aliyedhulumiwa, na yeye peke yake kuwa mwenye deni la kusema. Kumbe walikuwa wawili, kila mtu na mzigo wake, wakipeana shikamoo na marahaba juu yake. Alilia, si kwa kujificha. Kule mbele Mazengo aliacha kuchanganya zege, akachungulia, akaona ni mambo ya ndugu, akarudi kwenye koleo lake.

"Mazengo!" Cecilia aliita, sauti bado imelowa. "Upande huu huukati. Ukuta utaishia hapo kwenye kona."

"Na Ritha je, mama?"

"Ritha nitaongea naye mimi."

Akafuta macho kwa pindo la kitenge, na kwa mazoea akarudi mahali pake pa pembeni, uso kuelekea mlangoni.

"Sesi," kaka yake alinong'ona.

"Abee."

"Anakunywa. Acha kulinda, njoo uone."