Mwito wa Lweba

Mimi Dorothée, fundi wa redio hapa Baraka, sijawahi kushindwa na kidude chochote chenye waya. Nasema hivyo bila haya, maana waliocheka kuona mwanamke analehemu, wote wameniletea redio zao. Kwa hiyo mwaka ule wa pili wa vita, Mama Adolphine, mkunga wa kituo chetu cha afya, aliponijia analia, nilimwambia afute machozi kwanza, kisha aseme.

Binti yake Tania, mjamzito wa kujifungua, alikuwa Lweba, kijiji cha kandoni mwa ziwa, na barabara ilikuwa imefungwa kwa mapigano. Muuguzi wa kule, Wilfried, alikuwa na fonie, redio ndogo ya mkononi ya kuzungumzia, kama ile ya kituo chetu. Jana yake asubuhi, betri yake ikiwa bado na nguvu kidogo, alisema uchungu umeanza. Tangu hapo, kimya. Kituo kilikuwa na boti lenye mafuta ya safari moja, na askari wa ufukweni walikubali litoke kwa sharti moja tu: muuguzi aite, aseme mgonjwa anakufa.

Nilimkuta Adolphine na mkuu wa kituo, Anatole, wakipokezana fonie na kupiga kelele kama watu wanaogombana ng'ambo ya mto.

"Yaya, munalalamika bure," nilimwambia Adolphine, maana ndivyo tunavyomwita dada mkubwa. "Kinywa chenu haina shida. Masikio ndiyo iko na shida. Betri ya Wilfried imechoka, sauti yake inafika kidogo sana. Sasa tutafute namna ya kuisikia."

Nilianza na kitufe. Anatole alikuwa amezungusha kitufe cha kunyamazisha mvumo mpaka mwisho, ati wagonjwa wapumzike. Mvumo ulinyamaza kweli, na kila sauti dhaifu ikanyamazishwa pamoja nao. Nikakirudisha, fonie ikaanza kuvuma kama maharagwe jikoni. Kisha nikamwomba Adolphine mwavuli wake.

"Mwavuli ya kanisa?"

"Yenyewe."

Nikauchana. Mbavu zake za chuma nilizikata karibu nusu mita kila mmoja, kipimo kinachofaa mawimbi yale. Mmoja nikausimamisha, nne nikazitandaza chini yake, nikaipandisha antena hiyo juu ya bati kwa mti mrefu na kushusha waya wa televisheni hadi kwenye fonie. Nikamwambia Anatole kwamba sasa hata mbu wa Lweba tutamsikia.

Na kweli, sauti ikaja. "Baraka... Baraka..." Halafu ikafunikwa na mlio wa ta-ta-ta-ta usiokoma. Adolphine aliegemeza sikio mpaka shavu likagusa fonie. Hakuna neno lililotoka.

Nyuma ya ukuta, mashine ya kusaga ya Papa Bertin ilikwama kidogo kwenye muhogo mgumu, ikapunguza mwendo. Ta-ta-ta ya kwenye fonie nayo ikapunguza mwendo. Kumbe kelele ilitoka kwenye injini ile. Kifuniko cha plagi yake, kinachozuia cheche zisivuruge redio za jirani, kilikuwa kimepasuka mwezi uliopita, na fundi aliyekitupa na kufunga waya mtupu mahali pake alikuwa mimi. Tena nililipwa, na unga juu yake.

Nikakimbia. "Papa Bertin, zima!"

"Nizime? Bamama bote hawa banangoja unga! Na si we mwenyewe uliitengeneza?"

Niling'oa ule waya kwa mkono, umeme ukanipiga mpaka begani, mashine ikakohoa na kunyamaza. Bamama wakaanza kunitukana. Nilisimama pale nimeufumbata waya, nikisema, "Dakika moja, bamama, dakika moja tu," na kwa mara ya kwanza katika ufundi wangu niliogopa.

Mwito wenyewe sikuusikia. Nilichoona ni Adolphine akitoka mlangoni mwa kituo na mkoba wake, akishuka mbio kuelekea ziwani, bila viatu.

Boti lilirudi na Tania kabla ya giza, na daktari wa hospitali akamfanyia upasuaji. Mtoto wa kike, mzima. Asubuhi Tania alituambia kwa sauti ndogo kwamba Wilfried aliita mara tisa.

"Mulikuwa munafanya nini, mama?" aliuliza.

Adolphine alimtazama Anatole. Ningeweza kunyamaza, kitufe chake kikabeba lawama yote.

"Ni mi, yaya," nilisema. "Mi ndiye niliweka waya mubaya ku mashine. Kelele yake ndiyo ilikuwa inafunika Wilfried."

Adolphine alimtazama mjukuu aliyekuwa kifuani pake. Kisha akamnyoosha kwangu.

"Kamata mutoto," alisema. "Mi niende kunawa."