Mia Arobaini na Moja

Nilibakiza neno moja tu niolewe. Moja! Baba mkwe mtarajiwa alikuwa ameshajiegemeza kwenye kochi, ameshaisifu chai ya mama, akauliza, "Basi, mzee mwenzangu, binti tunapewa au hatupewi?" Baba akafungua mdomo. Hapo hapo lori likaanza kupanda kilima nje, na baba akainua kidole kututaka tunyamaze.

Nikajua nimekwisha. Baba yangu ni fundi wa injini za dizeli, malori ya zamani tu. Haya ya kompyuta anayaita redio. Ya zamani anayatambua kwa sikio, kafumba macho. Baba wa mchumba wangu anauza spea za malori hayo hayo: taa, grili, nembo. Yeye anayatambua kwa sura. Mimi na mchumba wangu tulishakubaliana kwamba siku ile neno lori lisitamkwe ndani ya nyumba. Tukasahau kuyaambia malori yenyewe.

"Scania mia kumi na moja," baba akasema. "Silinda sita za mstari."

Baba mkwe akasogeza pazia. "Mia arobaini na moja. Nembo si ile pale? V8 hiyo, mzee, silinda nane."

"V8 inakoroma kwa kukatakata. Hiyo inavuma kwa pumzi moja."

"Yaani mimi niliyeuza nembo hizo maisha yangu yote sijui kusoma namba?"

"Namba haivuti mzigo."

Ee Mungu wangu! Mama akaniangalia mimi, mimi nikamwangalia mchumba, mchumba akaangalia biskuti. Kwa asiyejua, malori hayo mawili ni kama pacha, kabini ni ile ile. Tofauti iko chini ya kabini. V8 ikifa, spea zake ni za kutafuta kwa tochi, kwa hiyo mafundi hupachika silinda sita na nembo ya zamani inabaki pale pale mbele. Baba mwenyewe amepachika nyingi. Baba mkwe hakutaka hata kulisikia hilo, aliliona ni tusi kwa biashara yake.

"Mtu asiyejua sita na nane tutaelewana naye kwenye lipi?" akasema, akichukua kofia yake. "Mwanangu, inuka twende."

Na mchumba wangu akainuka! Nusu, lakini akainuka. Kwa hilo nilikuja kumsema baadaye.

Lori lilikuwa limesimama mbele ya duka la jirani, dereva ananunua maji. Baba akatoka mbio, baba mkwe nyuma yake, na sisi wote tukafuata. "Dereva, naomba niilaze kabini mbele tuone injini, tumalize ubishi." Dereva alikuwa mtu wa watu, akacheka tu, "Laza, mzee." Baba akashika mpini wa pampu ya kulazia kabini.

Nilijua yuko sahihi. Nimekulia katikati ya injini hizo, na mimi pia nilisikia sita. Angeipampu mara chache tu, kabini ingelala, baba mkwe angeaibika mbele ya mtaa mzima, na mimi ningebaki kwetu. Hata kumkonyeza sikumkonyeza. Machozi ndiyo yaliyonisaliti.

Baba akaniona. Akakaa na ule mpini mkononi, halafu akaurudisha mahali pake taratibu.

"Hakuna haja," akasema. "Ni V8. Masikio yangu yamezeeka."

"V8?" dereva akashangaa. "Mzee, hii si tulipachika—"

Baba akamkanyaga mguu, buti zima. "Ahsante, dereva. Safari njema."

Baba mkwe akamkumbatia. "Usijali, mzee mwenzangu, hata mimi nilianza sijui." Tukarudi ndani, chai ikaongezwa, na lile neno langu likatoka.

Tangu hapo baba mkwe akawa anakuja kila Jumapili kumfundisha baba injini. Anapotosha mpaka nywele zinanisimama! Baba anaitikia tu, "Kumbe!" Gerejini wenzake walimtania wakachoka. Nilipojaribu kumwomba radhi alinikatiza, "Nenda kamsaidie mama yako."

Siku ya harusi baba mkwe akashika kipaza sauti. Ukumbi ulijaa mafundi na madereva waliokuja kwa heshima ya baba, watu ambao baba aliwafundisha kazi kwa mikono yake. Akawasimulia jinsi alivyomfundisha mzee mwenzake kutofautisha sita na nane. Wageni wakaangua kicheko. Baba akacheka kuliko wote, na makofi akapiga. Mimi nikalia mpaka wanja ukanichuruzika, na shangazi, huku akinifuta, akawaambia watu kwamba bibi harusi anahuzunika kuondoka kwao.