Alama Nyekundu ya Mbaraka

Aliya alimwomba Mungu wakute hewa ndani ya mpira wa kupimia. Kiputo kimoja tu kingetosha kuokoa heshima ya baba yake. Lakini yeye na rafiki yake Kezia walimwaga maji mara tatu, wakaujaza upya mpira ule mwembamba unaoonyesha maji ndani, wakaugonga kwa vidole mpaka hewa yote ikatoka, na kipimo kikabaki kilekile. Alama nyekundu kwenye mchikichi wa kwao ilikuwa chini ya usawa wa mafuriko kwa sentimita thelathini na mbili.

Kazi hiyo walifundishwa na Madamu Anastasie, injenyeri wa maji kutoka Bujumbura, aliyekuja Gatete likizo hii kuwaonjesha wasichana wa lise, shule ya sekondari, uhandisi kwa mikono yao, si kwa kunakili ubaoni. Maji ndani ya mpira husimama usawa mmoja ncha zote mbili. Basi wasichana walianzia kwenye ukuta wa depo ya samaki, penye mstari wa kahawia ulioachwa na mafuriko ya ziwa, wakauhamisha usawa ule hatua kwa hatua hadi nyumbani kwa kila mmoja wao. Ziwa halina upendeleo. Siku ile lilipanda urefu uleule kwa kila mtu.

Mbaraka, baba yake Aliya, ni fundi mwashi, na kwa majivuno hana mfano. Mafuriko yalipoiangusha nyumba yao, ndiye aliyepaka ile alama nyekundu kuonyesha maji yalipofika na kuutangazia mtaa kwamba sakafu mpya itakuwa juu yake shubiri nzima. Hakutaka Aliya aende kwa Madamu. "Mutoto mwanamuke na vipimo, wapi na wapi?" alisema. Mkewe Mariyamu, mtu wa maneno machache, aling'ang'ania siku mbili mpaka mumewe akakubali. Aliya hakuelewa mama yake kapata wapi ukali ule.

Sasa hesabu haikuhitaji injenyeri: shubiri moja haifiki sentimita thelathini na mbili. Maji yakirudi kama yale, yataingia ndani.

Alimkuta baba yake akipiga plasta peke yake, akamwambia. Alitarajia kofi. Mbaraka aliweka mwiko chini, akatazama huku na huku.

"Alama haikukosea," alisema. "Ni mimi niliishusha. Simenti iliisha, mawe yakaisha, sakafu ikabaki chini. Mama yako iko analia kila siku kule Kizuka kwa shangazi yako, tutarudi lini, tutarudi lini. Ningemwambia nini?"

"Na maji yakirudi, baba?"

"Mungu iko. Usimwambie mama yako, Aliya. Niko nakuomba."

Tangu azaliwe, baba yake hakuwahi kumwomba kitu. Angempiga ingekuwa afadhali.

Jumamosi ilikuwa siku ya wazazi kwa Madamu. Mbaraka hakuja, alikuwa anapachika mlango wa nyumba mpya, kwani Jumatatu wangehamia. Mariyamu alikaa mstari wa mbele na kitenge chake cha Idi, mtoto Heri mgongoni, macho hayamtoki binti yake. Kila msichana alisimama akasoma kipimo cha kwao. Zamu ya Aliya ilipofika, Kezia aliinamia viatu vyake.

"Alama ya kwetu iko sawa," alisoma Aliya. "Hakuna tofauti."

Wazazi wakapiga makofi, Madamu naye akapiga. Mariyamu hakupiga. Aliya alikaa kwa aibu, akafunga daftari lake.

Waliondoka pamoja mpaka kwenye nyumba mpya. Mariyamu alikwenda moja kwa moja kwenye mchikichi, akauegemea.

"Kuja uangalie. Siku ya maji nilisimama hapahapa nimeshika huu muti, Heri mugongoni hivi. Miguu yake ililowa. Sasa alama ya baba yako iko wapi?"

Ilikuwa mapajani pake. Heri amekua tangu siku ile, na bado miguu yake ilining'inia juu ya ile rangi nyekundu kwa shubiri na zaidi.

"Ulijua, mama?"

"Tangu siku ya kwanza. Lakini mi sikusoma. Nikisema mimi, watu watasema ni woga wa mwanamuke, na baba yako nitakuwa nimemuvunjia heshima bure. Ndiyo maana nilipigana uende kule. Nilisema, Aliya atarudi na kipimo, na kipimo haigombani na mutu." Aliuachia mti. "Nimekaa pale mbele nangoja unisemee, na wewe pia ukanificha."

Aliya alilia waziwazi, kama mtoto. Mficha maradhi kifo humuumbua, wazee walisema, na katika nyumba hii watu watatu walikuwa wameficha ukweli, kila mmoja kwa kumpenda mwenzake.

Ndani, nyundo ya Mbaraka ilikuwa inagonga bawaba. Aliya alifuta uso, akafungua daftari kwenye ukurasa ambao hakuusoma.

"Baba," aliita, "toka nje kidogo. Mama anataka kusikia kipimo."