Kompyuta ya Dada Mavjuda Ikiamka

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha kuzima kompyuta, na Dada Mavjuda alikuwa amenyoosha mkono juu ya kaunta bila kunigusa, kama mtu anayemzuia mtoto asishike sufuria ya moto. "Mdogo wangu, usiizime," alisema. "Leo usiizime." Nilikuwa na miaka ishirini na tisa. Nilikuwa fundi hodari kuliko wote kwenye ghorofa ya pili ya soko lile la kompyuta hapa Tashkent, na nilikuwa nimeshamchoka.

Ilikuwa mara yake ya tatu.

Mara ya kwanza alikuja mwezi wa pili, theluji ikiwa imegeuka tope mlangoni. Mwanamke wa miaka arobaini na kitu, koti la kijivu, kitambaa cha maua kichwani. Alieleza shida yake kwa utaratibu, bila shaka aliifanyia mazoezi njiani. Kazi yake ilikuwa kuchora majiko, yaani vyumba vya kupikia na makabati yake. Karakana moja ya fanicha ilimwajiri baada ya kozi ya miezi sita, kazi yake ya kwanza tangu aolewe na tangu aachike. Kila mara alichora makabati ya mteja kwenye kompyuta, akaenda nayo nyumbani kwa huyo mteja, akaifungua mezani, akamzungushia jiko lake na kumfungulia milango ya makabati mmoja mmoja, mpaka mama mwenye nyumba aseme sawa. Programu yenyewe ilikuwa nzito, ilichukua robo saa kufunguka. Kwa hiyo aliifungua ofisini, akashusha kifuniko, kompyuta ikalala, naye akapanda basi.

"Sasa nikiiamsha mbele ya mteja, picha zinajikokota," alisema. "Mlango wa kabati nauvuta leo, unafunguka kesho. Nikiizima nikaiwasha upya, inakimbia vizuri tu. Ni ikitoka usingizini."

Alikuwa ametuambia kila kitu. Hakubakiza hata chembe ya kutafuta.

Lakini duka letu lilikuwa na sheria. Kaka Ergash, mwenye duka, aliiandika kwa kalamu nene akaibandika ukutani: ZIMA, WASHA, NDIPO UONGEE. Kompyuta yoyote iliyofika kaunta ilizimwa kabisa, ikatolewa betri, ikawashwa upya, kabla mteja hajamaliza salamu. Saba kati ya kumi zilipona hapohapo, na tulijiona mabingwa. Ndivyo nilivyofanya na ya kwake. Ikawaka, na baada ya robo saa ikafungua jiko lake, nikalizungusha kwa kidole kimoja. Lilikwenda kama maji.

"Nzima hii," nikamwambia.

"Lakini umeizima. Si nimekwambia ikizimwa inapona?"

"Basi dada, imepona. Unataka nini tena?"

Alirudi baada ya wiki mbili, na safari hii Doniyor, mwenzangu wa meza ya pili, alishamtungia jina: Bibi Usingizi. Tuliizima tena, tukaiwasha tena, tukamwonyesha tena jinsi jiko lake linavyozunguka. Aliomba tuifunike, tuiache ilale nusu saa, kisha tuiamshe wenyewe tuone. Duka lilikuwa limejaa, na nilijua kuna masikio.

"Dada yangu, kompyuta haina kitu," nilisema kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni. "Pengine ni wewe unayechelewa kuamka."

Watu waliangua kicheko. Naye alicheka, kidogo, kwa adabu, akakunja waya wake polepole. Kisha akainama na kuniambia kwa sauti ya chini kwamba bosi wake amempa onyo la mwisho. Mpwa wa bosi alikuwa ameshawekewa kiti kando ya meza yake, "anajifunza kazi," na kila siku alimwuliza kama kompyuta imeamka salama. Nilimwambia pole, huku namwangalia mteja aliyesimama nyuma yake. Alipotoka nilimwigiza anavyotembea, begi kifuani, na Doniyor alicheka mpaka akashika tumbo.

Kwa hiyo mara ya tatu hakutupa nafasi. Ilikuwa mwezi wa nne, asubuhi. Alifika kaunta, akaitoa kompyuta kwenye begi na kuinua kifuniko yeye mwenyewe, macho yake hayatoki kwenye mikono yangu.

"Imelala tangu saa moja," alisema. "Nimeiamsha mbele yako. Vuta mlango huu, mdogo wangu. Huu mmoja tu. Saa tisa leo naonyesha nyumba yenye majiko mawili, la ndani na la uani. Likikwama leo, kazi sina."

Nikavuta mlango. Haukufunguka. Kisha ulishtuka ukafunguka kidogo, ukasimama, ukashtuka tena. Nikazungusha jiko zima, likazunguka vipande vipande, huku kishale cha kipanya kikifika mahali ambapo mkono wangu ulishaondoka. Niliona. Hilo lazima niliseme wazi, kwa sababu kwa miaka mingi nilijidanganya kwamba sikuona vizuri. Niliona ugonjwa wote, nikaelewa kwamba mwanamke yule alikuwa amesema kweli tangu siku ya kwanza, na kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikionekana mjinga mbele ya watu bila kujua.

"Sanjar!" Kaka Ergash aliita kutoka nyuma. "Bado uko na Bibi Usingizi?"

Doniyor akaanza kukoroma, korr, korr, na wateja wawili wakageuka kuangalia. Hapo ningesema, kaka, njoo uone, huyu dada yuko sahihi. Maneno yenyewe hayazidi saba.

Nilikibonyeza kitufe nikakishikilia.

"Sijasevu!" alipiga kelele. "Ilikuwa inagoma kusevu, mdogo wangu, kazi yote ya usiku imo humo!"

Kitufe kile kinataka sekunde nne au tano kabla mashine haijakata kabisa. Ukikiachia mapema, hakuna kinachoharibika. Nilimsikia akisema sijasevu katika sekunde ya pili, nikashikilia mpaka skrini ikawa nyeusi. Na nitasema yote: nilifurahi. Furaha ndogo, chafu, ya mtu aliyeshinda ubishi.

Niliiwasha, tukangoja programu ifunguke. Jiko la uani halikuwepo. La ndani lilikuwepo lile la wiki iliyopita, bila rangi, bila sinki.

"Unaona?" nikasema, nikivuta mlango wa kabati. "Inakimbia."

Nikachukua birika nikamimina chai ya kijani kwenye bakuli dogo la kunywea, nikaijaza mpaka ukingoni, nikamsogezea. Kwetu mgeni tunayemtaka tunammiminia kidogo, apate sababu ya kuomba tena. Ukimjazia, umemwonyesha mlango. Wote dukani waliliona bakuli lile, hata Doniyor akaacha kukoroma. Dada Mavjuda alilitazama, akalishika kwa mikono miwili, akainywa chai yote akiwa amesimama, ya moto vile vile, kisha akaweka kompyuta begini na kutoka.

Nilijua sababu ya ugonjwa ule mwezi wa sita, tena kwa bahati tu. Ilikuwa Alhamisi, siku ya pilau, na sahani haikuwa na pa kukaa. Nilifunika kompyuta ya mteja mwingine, aina ileile ya Dada Mavjuda, tukaweka sahani juu yake tukala. Nilipoifunua, kishale kikaanza kujikokota. Safari hii hapakuwa na mtu wa kumcheka. Nilikaa nayo. Kadi ya picha, kile kipande kinachochora picha za skrini, kompyuta ikilala, inashuka kwenye mwendo wa kuokoa umeme, na kwenye aina ile ilikuwa haipandi tena ikiamka. Inaendelea kutambaa mpaka uizime. Tiba ilikuwa kurudisha draiva ya zamani, ile programu ndogo inayoiendesha kadi, na kuondoa alama ya vema kwenye kisanduku kimoja cha mipangilio. Nilihesabu muda. Dakika nne.

Anwani yake ilikuwa kwenye daftari la risiti. Sikumwambia Kaka Ergash ninakokwenda.

Alikaa ghorofa ya nne, kwenye majengo ya zamani nyuma ya kiwanda cha nyuzi. Alinifungulia akiwa na aproni ya kantini ya shule, mikono imekunjamana kwa maji ya kuoshea vyombo. Alinitambua mara moja. Nilisema nilichokuja kusema, kwa haraka, na nikaomba radhi vibaya, nikichanganya radhi na maelezo ya kadi ya picha.

"Kaa," alisema, na kwenda kuileta.

Nilifanya kazi yangu. Nikafunika kompyuta, tukangoja nusu saa ile aliyoiomba, binti yake akituchungulia kutoka chumba cha pili. Nikaiamsha. Nikafungua milango ya makabati yote, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja ulifuata kidole changu papo hapo. Nikamgeuzia ajaribu. Alizungusha jiko mara moja, polepole, akasimama kwenye dirisha alilolichora juu ya sinki.

"Vizuri," alisema. "Sasa nifutie hii programu."

"Dada, imepona. Unaweza kutafuta karakana nyingine, mimi mwenyewe nitakwenda nawe nikawaambie..."

"Nimeshatafuta. Waliuliza kwa bosi wangu wa zamani. Wote wanauliza kwa bosi wangu." Akavuta kiti akaketi. "Binti yangu anataka nafasi humu ya kuweka masomo yake. Ifute na michoro."

"Yote?"

"Yote, mdogo wangu."

Mashine iliniuliza kama nina hakika. Nikamtazama, naye alikuwa anaangalia skrini, si mimi. Nikabonyeza ndiyo. Ilikuwa nyepesi sana sasa, ilimaliza kabla sijaondoa kidole.