Mtahini wa Jikoni

Nesi alikuwa amefeli mtihani wa mazungumzo ya Kiingereza mara mbili. Huu wa tatu ndio ungeamua kama atapewa wodi ya wazazi aisimamie, au ataendelea kupokea amri za watu aliowafundisha mwenyewe kushika sindano. Kilichomwangusha ni vile vijineno vifupi vinavyofuata vitenzi. Kwetu kitenzi hujitosheleza: unalilia, unangojea, unalalamikia, mkia wa neno umeshabeba mzigo wote. Kwa Wazungu kila kitenzi kina mchumba wake, na ukikiozesha kwingine unachekwa.

Shemeji zake walimwambia aache, maji yakimwagika hayazoleki. Mumewe aliongeza sauti ya redio, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Aliyejitolea kumsikiliza ni mama mkwe, ambaye Kiingereza hakujua hata salamu.

"Utanisahihishaje, Mama, na lugha huijui?"

"Lugha siijui. Wewe nakujua."

Basi kila asubuhi mama mkwe alichambua maharage jikoni, na nesi akapiga pasi sare yake huku akitaja sentensi kwa sauti. Sauti ikiyumba tu, mkono wa mama mkwe ulisimama juu ya ungo. "Hapo umebahatisha. Rudia." Hata akipatia kwa bahati, alirudishwa vilevile. Siku moja nesi alikasirika akabamiza mlango, akatoka. Hakufika mbali, akarudi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na pasi ilikuwa bado ya moto.

Siku ya mtihani aliambiwa aeleze hali ya mgonjwa anayelalamikia maumivu ya kifua. Akaeleza. Watahini wawili wakaitikia kwa vichwa, mmoja akaweka alama ya vema. Lakini nesi alikuwa ameisikia sauti yake ikishuka.

"Samahani," akawaambia kwa Kiingereza hichohicho, "hapo nimebahatisha. Naomba nirudie."

Wakamwambia hakukuwa na kosa. Akaomba tena. Akaisema sentensi upya, polepole, neno kwa neno, na safari hii aliijua.

Alifaulu. Mumewe alilia mbele ya watu bila haya, na shemeji wakajaa sebuleni na pongezi kana kwamba wao ndio waliomtuma. Nesi akawapita, akaenda jikoni. Mama mkwe hakuuliza habari za wodi. Aliuliza kama alibahatisha popote.

"Mara moja tu, Mama."

Mama mkwe akamsogezea kigoda kwa mguu.

"Kaa. Tuanze na hilo."